Kiingereza cha Betri Zilizochoka

Mkono wangu ulikuwa na sifa Rumonge nzima. Sisemi kwa majivuno. Au tuseme nasema kwa majivuno, maana ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo wakati ule. Mwalimu akituandikisha somo, wenzangu walikuwa bado wanahema katikati ya sentensi, mimi nimeshaweka nukta na ninamsubiri. Vichwa vya habari kwa stilo nyekundu, mstari chini yake kwa rula, maelezo kwa stilo ya buluu. Waliokosa shule kwa malaria au kwa milio ya risasi walikuja kwetu kuazima kaye yangu, daftari la masomo, na mama aliitoa kwa mikono miwili, kwanza akiwauliza kama wamenawa.

Inanibidi nieleze jinsi tulivyofundishwa, kwa sababu msiba wangu ulianzia hapo. Shule zetu zilikuwa za Kifaransa. Mwalimu husoma sentensi, huirudia, kisha huirudia mara ya tatu, na hata nukta na mkato huvitaja kwa majina yake. Kazi yako ni kuandika. Humkatizi, huulizi, huinui mkono mpaka uulizwe wewe. Ukipitwa na neno unatulia tu, litarudi lenyewe. Siku ya mtihani unamrudishia mwalimu maneno yake jinsi alivyokukabidhi, bila kupungua hata moja, naye anafurahi kuyaona tena.

Nilimaliza sekondari hivyo, nikiwa wa kwanza darasani, na baada ya hapo nikakaa nyumbani kuchambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mama. Vita vilikuwa vimeshakaa nasi miaka. Tulilala na nguo za kutokea, tayari kukimbia. Barabara ya Bujumbura ilifunguliwa asubuhi kwa msafara wa askari na kufungwa alasiri, na siku nyingine haikufunguliwa kabisa. Vijana wa rika langu walikuwa wakipungua mmoja mmoja: huyu amevuka ziwa, huyu amepanda milimani, huyu hajulikani, na huyo wa mwisho ndiye ambaye mama yake hatukuweza kumtazama machoni.

Ndipo habari ikaja kwamba chuo kikuu kimoja cha nchi jirani kinatoa nafasi mbili kwa vijana wa pwani ya kusini. Mbili tu. Masomo ni kwa Kiingereza, na mtihani ni mmoja: mhadhiri atakuja mwenyewe, atatoa mhadhara wa saa nzima, nasi tuandike dondoo, kisha tujibu maswali kutokana na dondoo hizo. Nafasi ile niliitaka kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu kingine tangu hapo, hata mume. Mama naye aliitaka kunizidi. Aliniambia bila kuacha kuchambua ndagala zake, "Nenda, hata kama sitakuona tena. Afadhali nikukose ukiwa muzima."

Kiingereza changu kilikuwa cha saa mbili kwa juma, tena kilichofundishwa kwa Kifaransa. Nilijua kukisoma. Kukisikia sikuwahi, maana hakuna aliyekisema.

Isipokuwa mtu mmoja. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mzee mmoja aliyetokea upande wa Uvira, fundi wa kushona nyavu, ambaye Jumapili alikuwa mkalimani wa kanisa lao. Zamani, barabara ilipokuwa bado barabara, wahubiri wa kigeni walifika Rumonge, wakasimama kuhubiri kwa Kiingereza, naye akasimama ubavuni mwao akigeuza kwa Kiswahili. Vita vilipozuia wageni alibaki na redio ya kanda na kanda tatu za mahubiri. Nilipomwomba anifundishe kusikiliza alikubali papo hapo. Nadhani alikuwa na hamu ya kumsikia mtu akizungumza juu ya kazi yake ile.

Sisi ni Waislamu. Mama alifikiri siku mbili, kisha akatoa fatwa yake mwenyewe: "Kiingereza chake usikilize. Dini yake umuachie palepale kwenye kiti."

Siku ya kwanza alibonyeza kanda, nikainama, nikaandika. Sikuandika maneno, maana sikuyajua. Niliandika sauti, kila sauti iliyopita, ukurasa ukajaa, nikageuza wa pili. Akazima redio.

"Amesema nini?"

Nikaanza kuutazama ukurasa wangu.

"Usisome! Niko nakuuliza wewe, haiko kaye."

Nilikuwa na kurasa mbili zilizojaa na kichwa kitupu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akachukua rula yangu na stilo nyekundu, akavitia ndani ya kikapu cha nyuzi zake.

"Mimi nikitafsiri, sikuwe na stilo," alisema. "Muzungu anasema, mi nangoja apumue. Akipumua najiuliza, huyu mutu anataka nini? Ile ndiyo nabeba. Ingine naacha ianguke."

Kuacha neno lianguke! Kwangu ilikuwa sawa na kumwaga chakula. Lakini nilitii. Alinichorea mstari wa kusimama katikati ya ukurasa. Kulia niweke jambo lenyewe, maneno matatu kwa pumzi moja ya mhubiri, si zaidi, na kwa lugha yoyote inayowahi kunijia, iwe Kiswahili, Kirundi au Kifaransa. Kushoto niweke nisichokielewa, nikiulize baadaye. Jambo likizaa jambo, nichore mshale. Kila baada ya muda alizima redio, akaifunika kaye kwa kiganja chake kilichojaa makovu ya nyuzi, akaniambia nimsimulie. Majuma ya kwanza nililia mara mbili, mara moja mbele yake. Alinipa maji, akasema kusikia ni kazi ya tumbo, mutu mwenye pupa haisikie.

Mkono wangu ndio ulikuwa adui. Nikishika neno moja, mkono uling'ang'ania kuliandika zima, na herufi nzuri, na wakati huo mhubiri ameshatoka Mwanzo yuko Matayo. Upande wa kushoto wa ukurasa ulikuwa umejaa, kulia kweupe. Nilijua tarehe ya mtihani inakuja na sikuwa nikisogea hata hatua.

Kisha, taratibu, mambo yakaanza kunifungukia.

Mawe ya redio, ndivyo tulivyoziita betri, yalikuwa adimu Rumonge miezi ile, kwa sababu ya barabara. Mzee alikuwa na mawe yake manne na aliyatunza kama watoto wake wa kuzaa. Asubuhi aliyaanika juu ya bati yapate jua. Yakichoka sana aliyang'ata kwa meno pembeni, moja baada ya jingine, yakapata nguvu ya siku mbili tatu. Redio iliendelea kusema, ila sauti ya mhubiri ilizidi kuwa nzito, na maneno yakawa yanakuja moja moja, yamevutika, kila moja na nafasi yake. Nasi tukasema kanda imezeeka.

Na mimi nikaanza kusikia. Kwanza nusu, kisha zaidi ya nusu. Mhubiri alikuwa akisema neno, nalitambua, nalipima, naliacha lianguke au nalibeba, na bado nina muda wa kupumua kabla hajaleta jingine. Upande wa kulia ukajaa maneno matatu matatu, mishale ikaenda inakotakiwa. Mzee akifunika kaye namsimulia mahubiri yote, na vituo vyake, na ule mfano wa mtu aliyejenga juu ya mchanga. Alinitazama kwa fahari, akasema nimepata sikio. Mama aliposikia hivyo alilipeleka neno hilo sokoni, na wauza mawese wakaanza kunisalimia kwa heshima ambayo sikuwa nimeifanyia kazi. Nilitembea mabega juu. Nilikuwa nimeshachagua na nguo za kuondoka nazo.

Juma moja kabla ya mtihani, mama akaja na mawe mapya. Aliyapata kwa mfanyabiashara aliyekuja na msafara, manne, bado ndani ya karatasi yake. Aliyabeba mwenyewe mpaka kwa mzee, akaketi mlangoni aone faida yake.

Mzee alitoa yale ya zamani, akatia mapya, akabonyeza.

Sijui nisemeje. Mhubiri alikuwa kijana! Sauti yake ilipanda juu, na maneno yalitoka yamegandana, yanasukumana kama wanunuzi wa ndagala asubuhi mitumbwi inapofika. Niliinama kuandika. Akapumua kabla sijaweka la kwanza. Akapumua tena. Nilinyanyua uso nikamtazama mzee, na uso wangu lazima ulisema kila kitu, kwa sababu aliinyoosha mikono yake upesi na kuizima redio.

Kisha akayatoa mawe mapya, moja moja, akayapanga kwenye mkeka.

"Haya mawe ni mabaya," alisema. "Ni ya magendo. Yanakimbiza mutu."

Nilimwamini haraka, jinsi mtu anavyoamini anachokihitaji. Mama aliinuka pale pale, akayafunga kwenye khanga, akamfuata yule mfanyabiashara mpaka dukani. Tulimsikia kutoka barabarani akimwita mwizi, akimuuliza ni mawe gani yanayowafukuza watu wa Mungu mbio namna ile. Mfanyabiashara aliapa kwa wazazi wake wote wawili. Mwisho, ili apate amani, akayapokea na kumpa mama sabuni. Mzee akarudisha ya zamani, akayang'ata, mhubiri akarudi na uzito wake, nami nikasikia kila kitu mpaka siku ya mtihani.

Mpaka leo sijui kama alijua. Alikuwa amesimama na wahubiri wale ana kwa ana, bega kwa bega, alijua wanavyosema. Nikikasirika nasema alijua, na alipaswa kuniambia. Hasira ikipoa nasema pia alijua, lakini zilikuwa zimebaki siku saba na aliuona uso wangu, na hakukuwa na kitu ambacho angeweza kunifanyia katika siku saba isipokuwa kuniachia furaha yangu. Sikumuuliza. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza miaka mingi, na sikuthubutu.

Mhadhiri alikuja na msafara wa asubuhi na alitakiwa kuondoka nao kabla barabara haijafungwa. Tulikuwa wanane, kwenye darasa moja karibu na ziwa. Alikuwepo msichana wa Bugarama aliyetembea siku nzima ya jana yake, kaka wawili wa Gatete, kijana mmoja wa Kabonga ambaye utoto wake aliupitisha ukimbizini, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na sisi wa Rumonge. Mama na mzee walikaa nje kwenye ukuta mdogo, mama na tasbihi yake, mzee na Biblia yake, kila mmoja akiomba kwa upande wake.

Mhadhiri alikuwa mfupi, mchangamfu, na viatu vilivyong'arishwa kisha vikapigwa vumbi la njiani. Hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Alisimama mbele yetu, akasema maneno machache, akainua kiganja chake juu, akatabasamu, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba anangoja kitu. Tukamtabasamia. Nikadhani anatusalimia. Akaangalia saa, akaanza.

Alikuwa na mawe mapya.

Nilielewa mara moja, kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Hakuna kilichoharibika kwenye yale mawe ya mama. Watu wa Kiingereza ndivyo wanavyosema. Mimi nilikuwa nimejifunza lugha ya redio inayokufa, lugha isiyosemwa na mtu yeyote duniani, na niliijua vizuri sana.

Nilijaribu. Nilichora mstari wangu katikati ya ukurasa. Nikangoja apumue, lakini alikuwa mtu asiyehitaji hewa. Nilishika neno moja, ziwa, nikaliandika kulia. Baada ya muda mrefu nikashika jingine, taa. Basi, hapo mkono wangu wa zamani ukaamka. Ulianza kuandika wenyewe, sauti, vipande vya sauti, ukurasa mzima, kwa mwandiko safi kabisa, nami nikiutazama tu bila uwezo wa kuuzuia. Kisha nikafanya jambo la kijinga zaidi. Niliweka stilo chini nikatulia, nikingoja arudie. Sikufikiri, nilitulia tu, kwa sababu miaka kumi na mbili mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa akirudia. Sentensi zikaenda. Hakuna hata moja iliyorudi.

Katikati ya mhadhara ulisikika mlio wa bunduki kule vilimani, mmoja, halafu miwili. Mhadhiri akanyamaza. Rangi ilimtoka, akatutazama, na kwa muda ule mfupi sisi ndio tulioelewa na yeye ndiye hakuelewa kitu. Tulijua ni mbali. Tulimwashiria kwa mikono kwamba aendelee, hakuna neno. Aliendelea kutusubiri kidogo, pengine akidhani mmoja wetu atafungua mdomo. Hatukufungua. Akajifuta jasho, akashika pale alipoachia.

Niliwatazama wenzangu. Msichana wa Bugarama alikuwa akiandika huku machozi yanamtoka, bila kuyafuta ili asipoteze muda. Kaka wa Gatete walikuwa wameacha. Yule wa Kabonga aliandika kidogo, akasikiliza, akaandika kidogo tena, kwa utulivu uliotaka kunitia wazimu. Nilitamani kwenda nje nikamkumbatie mama, au nimpige mtu.

Saa ikaisha. Tukagawiwa maswali, na hayo yaliandikwa, na kilichoandikwa nilijua kukisoma. Hapo ndipo nilipojua mhadhara ulihusu nini. Ulihusu ndagala. Ulihusu jinsi samaki wa ziwa letu wanavyofuata mwanga wa taa, kwa nini mwezi mpevu unawatawanya, na nini kimetokea tangu kuvua usiku kulipokatazwa. Saa nzima mtu yule alikuwa akizungumza juu ya ndagala za mama yangu, nami nimekaa mbele yake nimepigwa bumbuwazi.

Niliandika ninayoyajua. Niliandika karatasi mbele na nyuma, kwa Kiingereza cha shule, habari za taa na mwezi na mitumbwi, na jinsi ndagala wa mwezi mpevu wanavyokuwa wachache na bei inavyomkasirisha kila mtu. Maswali hayakuuliza hayo. Yaliuliza mhadhiri alisema sababu ngapi, na ni zipi, na alimpinga nani. Mwisho wa mwandiko wangu mzuri nikaona hata mimi mwenyewe nisingejipa nafasi.

Nje dereva wa msafara alikuwa akipiga honi. Mhadhiri alipita akikusanya karatasi na dondoo zetu. Alipofika kwangu alisimama. Alitazama ukurasa wenye zile sauti, akaugeuza, akasoma majibu yangu, akacheka kidogo kwa furaha pale penye bei, kisha akautazama tena ukurasa wa sauti. Uso wake ukabadilika. Akainama karibu na meza yangu na kusema nami polepole, jinsi watu wanavyosema na mtoto au mgonjwa, neno moja, halafu jingine, na nafasi katikati.

Alisema, "Kwa nini hukuinua mkono? Niliwaambia mwanzoni kabisa. Nikienda mbio, inueni mkono, nitarudia, hata mara kumi."

Nilimgeukia yule wa Kabonga. Alikuwa akifunga kifuniko cha stilo yake, akakifunga kwa muda mrefu kuliko kifuniko kinavyohitaji, wala hakuinua macho. Simlaumu. Nafasi zilikuwa mbili. Ningekuwa mimi niliyesikia, ningenyamaza vilevile, na nadhani ningeweza kulala.

Mhadhiri alinigusa begani, akakimbilia gari lake. Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa, sikuyafuata. Nafasi zilikwenda kwa yule wa Kabonga na kwa msichana wa machozi. Lakini siku ile, nilipotoka darasani, mama alikuwa ameshainuka ukutani, tasbihi mkononi, na mzee nyuma yake akitazama chini.

"Umemusikia?" mama aliniuliza. "Mwanangu, umemusikia?"

Nikamwambia nimemsikia. Aliponisemesha mwishoni, nimesikia kila neno.